Kupiga picha uyoga pori Amani: shajara ya masika 2024

Lengo

Mradi wenyewe ni mdogo. Ni kupiga picha uyoga unaoota kandokando ya njia moja ya msituni Amani, Usambara Mashariki, tangu masika yanaposhika hadi yanapokatika, kwa simu ya kawaida na vifaa vya bei ya kawaida. Kila uyoga uwe na picha za kutosha, ili mjuzi akiziona aweze kusema angalau ni wa jenasi gani (jenasi ni kundi la spishi zenye undugu wa karibu). Kwa hiyo usitafute humu picha za kupamba ukuta. Picha ya kofia iliyopigwa kutoka juu, hata iwe nzuri namna gani, haimfikishi mtu popote. Anayejua uyoga atakuuliza: chini ya kofia kukoje? Shina lina pete au halina? Umeota kwenye udongo au kwenye gogo, na gogo la mti gani?

Amani iko kama mita 900 juu ya usawa wa bahari na hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, hivyo magogo ya msituni hayakauki sawasawa hata jua likiwaka. Wageni wengi hupanda huko kwa ajili ya ndege na vinyonga, na wengine kwa ile mimea ya maua ya zambarau ambayo siku hizi imejaa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya. Uyoga wanauruka tu.

Kuna sharti moja lililouongoza mradi mzima. Msitu huu ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na bila kibali huchumi wala hung'oi kitu. Miongozo mingi ya uyoga inaanza kwa kumwambia mtu auchimbue mzima, augeuze, aukate katikati. Hapa hilo halipo. Kila nilichofanya ndani ya hifadhi nimekifanya uyoga ukiwa umesimama pale pale ulipoota, na sehemu kubwa ya shajara hii inahusu namna ya kuona chini ya kofia bila kuigusa. Mambo ya kuchuma nimeyafanyia nje ya mpaka, kwa ruhusa ya mwenye eneo.

Na hatuli. Anayetaka kujua uyoga gani unalika asimame na wazee wa pale, si na picha zangu.

Machi 23: Vifaa, na balaa la mwavuli wa bluu

Nilianza na simu, lenzi ndogo ya kubana mbele ya kamera kwa vitu vidogo (shilingi 35,000), koti la mvua (20,000), buti za mpira (18,000), rula (500) na mwavuli (10,000). Stendi sikununua. Badala yake nilijaza maharage kwenye soksi ili simu ilale juu yake.

Mvua ilikuwa ya kudondoka taratibu tangu alfajiri. Mwongozaji wetu alikuwa amefunga, kwani ilikuwa Ramadhani, lakini alitembea kwa kasi iliyonifanya mimi niliyekunywa chai nione haya. Chini ya miti yenyewe mvua haiachi hata ikikata: matone yaliyobaki juu ya majani yanaendelea kuanguka kwa muda mrefu, makubwa kuliko ya mvua yenyewe. Tone moja likigonga kofia yenye upana wa sentimita moja, uyoga wote unatikisika na picha inaharibika. Mwanga nao ni hafifu, kamera inabaki wazi muda mrefu, na kila mtikisiko unaonekana. Kwa hiyo mwavuli ni wa uyoga. Mpigapicha avae koti.

Hapo ndipo bluu ilipotuponza. Tulikuta gogo lililooza lenye uyoga mweupe mdogo mdogo, mamia kwa mamia, kofia zake nyembamba kiasi cha kuona mistari ya matamvua kwa juu (matamvua ni vile vijikaratasi vilivyopangana chini ya kofia). Niliufunika kwa mwavuli, nikapiga. Kwenye skrini yenye matone sikuona tatizo. Jioni, picha zote zilikuwa na rangi ya samawati, kwa sababu mwanga uliofika kwenye uyoga ulikuwa umepita kwenye kitambaa cha bluu. Kurekebisha rangi kwa programu hakukusaidia: uyoga ukiwa mweupe, gogo linageuka rangi ya chungwa. Na rangi ndiyo alama ya kwanza ya utambuzi.

Dawa yake: mwavuli wa nailoni inayopitisha mwanga, ule unaoona hadi upande wa pili (15,000). Muheza sikuupata, nimeupata Tanga mjini. Pamoja nao nabeba kipande cha karatasi nyeupe ngumu. Picha ya kwanza ya kila uyoga inapigwa karatasi ikiwa pembeni, ili baadaye rangi zote zipimwe kwa weupe ule.

Tatizo la pili lilikuwa skrini. Maji yakiidondokea, simu inadhani umeigusa, inahamisha fokasi au inapiga picha yenyewe. Nimenunua spika za masikioni zenye waya (5,000): kwenye simu nyingi kitufe cha sauti cha ule waya kinapiga picha, hivyo skrini haiguswi tena na simu haitikisiki. Hili lilifanya kazi mara moja na sijalibadilisha.

Aprili 6: Lenzi inayotoka jasho

Mwavuli mpya uko sawa. Rangi zimetulia.

Kilichosumbua ni ukungu kwenye lenzi. Ile lenzi ya kubana ina nafasi ndogo kati yake na kioo cha kamera, na hewa yenye unyevu ikinaswa humo, ukungu unatanda kwa ndani ambako kitambaa hakifiki. Unabandua, unafuta, unabana tena, na kufikia hapo umeshapumulia vyote viwili. Simu yangu ilikuwa ikikaa mfuko wa ndani wa koti, mahali pa jasho na joto, na lenzi ilikuwa kwenye begi la mgongoni, mahali pa baridi. Vikikutana, ukungu ni lazima.

Nilikuwa nimeiweka lenzi kwenye mchele mkavu, kama watu wanavyofanya simu ikiingia maji. Usifanye hivyo. Mchele una vumbi la unga, na vumbi hilo likikutana na unyevu linaganda kwenye kioo na kuacha utando mweupe. Ilinibidi nisafishe lenzi kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na pamba, polepole.

Ninavyofanya sasa: boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana (6,000), ndani yake vile vipakiti vya chembechembe za kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Waombe wauza viatu, wanavitupa. Nikirudi navipasha kwenye kikaango kwa moto mdogo sana ili vikauke tena, na karatasi ya kipakiti ikianza kubadilika rangi, moto umezidi. Simu na lenzi vyote vinakaa humo, joto moja, hadi nifike kwenye uyoga. Naviunganisha huku nimegeuza uso pembeni.

Soksi ya maharage imefeli. Imelowa, yamevimba, na baada ya siku mbili chumba kizima kilikuwa kinanuka. Kabla ya Juni 2019 mtu angeitia kwenye mfuko wa plastiki wa dukani na kumaliza. Mifuko hiyo ikapigwa marufuku, kwa hiyo nimetumia kifungashio cha sukari cha kilo moja nilichokifunga vizuri, nikakijaza mchanga mkavu na kukiingiza ndani ya soksi. Ni kizito kidogo, lakini hakioti.

Tulichokipata: uyoga masikio kwenye magogo, laini na unaoteleza, hauna matamvua kabisa. Vikombe vya rangi ya waridi vya jenasi ya Cookeina, vimejaa maji ya mvua, na ukiangalia ukingoni unaona nywele fupi nyeupe. Vile vya chungwa kali vinavyotoka kama rafu kwenye kuni zilizokufa. Vingi vilikuwa kwenye magogo ya Maesopsis eminii, mti ulioletwa ukasambaa msitu mzima, maana hondohondo hula matunda yake na kuzimwaga mbegu kila mahali. Kwa mtu wa uhifadhi mti huu ni kero. Kwa uyoga unaokula mbao laini, ni karamu.

Siafu wapo. Ukitaka kulala kifudifudi, kagua majani kwanza.

Aprili 21: Kuona chini bila kung'oa

Hii ndiyo kazi yenyewe, na imechukua muda kuliko mengine yote.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuilaza simu chini ya uyoga, kamera ya mbele ikitazama juu. Kwa uyoga mrefu inatoa kitu. Kwa mfupi ni ukungu mtupu, kwa sababu kamera ya mbele ya simu yangu imetengenezwa kuona uso wa mtu kwa umbali wa mkono, haiwezi kulenga kitu kilicho sentimita nne juu yake. Na simu inalala kwenye tope.

Jaribio la pili ni kioo. Nilinunua kile kidogo cha duara cha kujirembea (1,500), nikakisukuma chini ya kofia na kupiga picha ya kilichoonekana humo. Wazo lilikuwa sahihi, kioo ndicho hakikufaa. Fremu yake ya plastiki nyekundu ilipaka wekundu kwenye matamvua meupe. Duara lenyewe lilikuwa kubwa, halipiti chini ya uyoga unaoota karibu na gogo. Pia kilikuwa na upande unaokuza, ambao unapinda kila kitu.

Nikaenda kwa fundi vioo Muheza, nikamwomba kipande cha sentimita tano kwa saba, kingo zisagwe zisikate. Akauliza cha nini. Nikamweleza. Akanitazama, akakata, akachukua 3,000. Fundi baiskeli wa jirani alinipa spoku moja bure. Nimeikunja nyuzi 45, nikaibandika nyuma ya kioo kwa tepu nyeusi ya umeme na kuzungusha tepu hiyo hiyo kwenye kingo zote. Sasa nina kioo chenye mkono mrefu kinachoingia mahali ambapo vidole haviingii.

Ukikitengeneza chako, haya ndiyo yatakayokusumbua:

Kamera inapenda kulenga uso wa kioo, yaani matone na vumbi lililo juu yake, badala ya uyoga ulio ndani. Gusa skrini juu ya taswira ya matamvua, shikilia hadi fokasi ijifunge, ndipo upige. Lenzi ya kubana hapa itoe, umbali wa kwenda na kurudi kiooni ni mkubwa kwake. Tumia kamera ya kawaida na kuvuta kidogo.

Kioo kinatanda ukungu haraka. Paka tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, lifute kwa kitambaa kikavu hadi lisionekane. Kinakaa safi muda wa kutosha.

Chini ya kofia ni giza. Nilihangaika kumulika kutoka chini, tochi haikupata nafasi. Kumbe kioo kinafanya kazi mbili: mulika kioo kutoka pembeni, na mwanga unaruka kutoka pale kwenda juu kwenye matamvua. Funika tochi kwa tishu ili usiwe mkali. Uyoga mweupe upunguzie mwanga kwenye kamera, la sivyo kingo zote zinapotea.

Kila kitu kimegeuzwa kulia kushoto. Kwa matamvua haina shida, ila namba za rula zinasomeka kinyume. Faili za namna hii nazipa neno "kioo" mwishoni mwa jina.

Faida ilionekana siku hiyo hiyo. Kwenye gogo moja palikuwa na uyoga wa kahawia hafifu ambao kutoka juu ungeapa ni wa aina moja. Kioo kikaonyesha kundi la kushoto lina matamvua, la kulia lina vitundu vidogo vidogo. Hizo ni koo mbili tofauti kabisa, na picha zangu za Machi zilikuwa zimezichanganya.

Kingine ni Schizophyllum commune, uyoga unaopatikana karibu dunia nzima na ambao kila mtu amewahi kuupita. Kwa juu ni kitu cha kijivu-nyeupe chenye manyoya, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kimeshikamana na tawi lililokufa. Hauna shina la maana. Chini yake mistari ya waridi iliyokolea kijivu inatawanyika kama mbavu za pepeo, na ukikaza macho unaona kila mstari umepasuliwa katikati kwa urefu wake, kingo mbili zimeachana. Kukiwa kukavu kingo hizo hujikunja kufunika sehemu inayotoa spora (chembe ndogo mno ambazo uyoga huzaliana kwazo), mvua ikija zinafunguka. Kwenye picha ya kutoka juu huoni hata kimoja kati ya hivyo.

Wakati wa kushuka tulipita kwenye shamba la iliki la bibi mwenyeji wetu, nje ya hifadhi. Chini ya kivuli, udongo ulikuwa umejaa vikofia vyeupe, kimoja hakifiki sentimita mbili, mamia yamesongamana.

"Shikamoo Bibi. Naomba nipige huu picha."

"Marahaba mwanangu. Piga, ila fanya upesi. Hiyo mboga."

Ni Termitomyces microcarpus, uyoga wa mchwa. Mchwa wa aina hii hufuga kuvu ndani ya kiota na kuyalisha majani makavu. Jamaa zake wakubwa huota moja kwa moja kutoka kiotani kwa shina refu linalozama ardhini. Huyu mdogo huota kwenye punje za hiyo bustani ya kuvu ambazo mchwa wamezitoa nje na kuzitandaza. Kwa ruhusa ya Bibi nilifukua mmoja, na kweli, shina liliishia kwenye punje ya kahawia, halikwenda chini zaidi. Nilimuuliza anautofautishaje na mbaya. Akasema hachumi mahali asipopajua, basi. Ameniomba nisionyeshe shamba lilipo, kwa hiyo kwenye ramani ya iNaturalist (mtandao ambako watu huweka picha za viumbe ili vitambuliwe) eneo hilo nimelificha.

Mei 4: Hatukupanda

Kimbunga Hidaya kimefika pwani karibu na Mafia leo, na barabara ya kupanda Amani si ya kwenda kubahatisha nayo wakati kama huu. Nimebaki Tanga na kufanya kazi ya spora.

Kwenye nyasi za uwanja wa jirani umeota uyoga mkubwa, kofia inakaribia upana wa sahani, nyeupe yenye magamba ya kahawia katikati, shina lina pete. Unavutia, na watu wanaudhania ni wa kula. Niliomba kofia moja. Karatasi nusu nyeupe nusu nyeusi, kofia juu yake matamvua yakitazama chini, bakuli juu ili upepo usiingie, usiku kucha. Rangi mbili za karatasi ni kwa sababu spora nyeupe hazionekani kwenye karatasi nyeupe.

Jaribio la kwanza liliharibika. Kofia ilikuwa imelowa mvua, maji yakachuruzika na kuacha doa tu. La pili nilichukua kofia nyingine, nikaiacha kwanza juu ya wavu saa kadhaa ijikaushe. Asubuhi palikuwa na mistari ya rangi ya kijani kilichofifia, imepangana kama matamvua yenyewe yalivyopangana. Spora za kijani ndiyo alama ya Chlorophyllum molybdites, na huo unatapisha na kuharisha vibaya. Uyoga ukiwa mchanga matamvua bado ni meupe, kijani huja baadaye. Kwa hiyo hata kioo changu kisingesaidia. Picha ya ile karatasi nimeiweka pamoja na picha za uyoga wake kwenye faili moja.

Mei 18: Wenye shela

Mwongozaji aliwahi kutuambia kuhusu uyoga unaonuka mzoga na wenye nguo ya wavu. Ni jamii ya Phallus. Kila tulipofika pale saa nne asubuhi tulikuta umelala chini, umeliwa, nzi wamemaliza.

Safari hii tulilala Amani na kuondoka gizani. Saa kumi na mbili na nusu mmoja ulikuwa umesimama, ute wa kijani-kahawia bado umejaa kichwani na wavu unashuka. Nimeweka simu kwenye soksi ya mchanga na kupiga picha moja kila dakika. Harufu nimeivumilia. Nzi ndio walioharibu: kila picha ina nzi waliotikisika. Mwanzoni niliwafukuza, kisha nikaacha, kwa sababu nzi ndio wanaobeba spora na picha isiyo na nzi ingekuwa ya uongo. Nimeongeza mwanga wa tochi kidogo ili kamera ifunge haraka, na sasa miguu ya nzi inahesabika.

Betri iliisha katikati. Anayerudia kazi hii achukue pawabanki, na aifunge dhidi ya maji.

Juni 2: Majina na gharama

Mvua zimekatika. Nimepandisha picha iNaturalist, kila uyoga na seti yake: mazingira, juu, pembeni pamoja na rula, chini kwa kioo, na karatasi nyeupe. Programu inapendekeza majina yenyewe, na mara kadhaa imenipa uyoga wa Ulaya kwa ujasiri mkubwa. Sikubali jina la spishi kutoka kwenye pendekezo hilo. Naishia kwenye jenasi, na pale nisipokuwa na picha ya chini, naishia juu zaidi, kwenye kundi pana kuliko jenasi. Karibu picha zote za Machi zimebaki huko juu.

Zile kofia nyembamba nyeupe za siku ya kwanza bado hazina jina. Nilirudi kwenye gogo lile na kioo, limebaki na uyoga masikio peke yake.

Gharama za vifaa: lenzi 35,000, koti 20,000, buti 18,000, mwavuli wa bluu 10,000, mwavuli unaopitisha mwanga 15,000, boksi 6,000, spika za masikioni 5,000, kioo cha duara 1,500, kioo cha fundi 3,000, rula 500. Jumla 114,000. Anayeanza leo aache mwavuli wa bluu na kioo cha duara, atatumia 102,500. Nauli, malazi, kiingilio na malipo ya mwongozaji sijayaweka humo. Kiingilio kinalipwa ofisi ya hifadhi, bei ya Mtanzania na ya mgeni ni tofauti, ulizia kabla ya kupanda na uondoke na risiti.

Kwa vuli naongeza kioo cha pili chembamba zaidi, sentimita tatu kwa tano, kwa uyoga ulioota ukigusana na gogo.